Mtani wa Upande wa Pili

Sajini Dionis alilifunua daftari kwa mara ya tatu tangu asubuhi, na kwa mara ya tatu akakutana na kuku.

Kuku mwenyewe alikuwa amelalia mayai ndani ya kofia kuukuu ya Kizungu, na mchoraji alikuwa amehangaika na unyoya mmoja mmoja. Ukurasa wa pili, mwanamke anapepeta mchele, uso haupo, mikono tu na ungo. Halafu baiskeli imeegemezwa kwenye mkorosho. Halafu mzee kasinzia kwenye baraza ya msikiti, mdomo wazi. Jamani! Mtu mzima anasafiri kutoka Kilwa mpaka Lindi, mara lori, mara miguu, na shughuli yake njiani ni kuchora kuku na mabaiskeli. Sajini angecheka, ila katikati ya daftari hilo hilo palikuwa na gobore limening'inia ukutani, na kwa ajili ya gobore hilo mwenye daftari alikuwa njiani kunyongwa.

"Afande, lori linapita alasiri," alisema Konstebo Ambrosi akiwa mlangoni. "Simu ya Bwana Inspekta imesema mtuhumiwa awe tayari. Nimeshamfungia mzigo wake."

"Mzigo gani, makopo ya rangi?"

"Makopo na brashi, Afande."

"Yafungue. Halafu uje ukae hapa."

Ambrosi alikaa, lakini kwa shingo upande. Walikuwa katika chumba cha mahakama ya wenyeji pale Kiranjeranje, chini ya picha ya Malkia iliyoanza kuliwa na mchwa pembeni. Sajini alikuwa amefika juzi kutoka Lindi, na tangu afike kila aliyemhoji alimjibu maneno yale yale. Yeye alikuwa mtu wa ajabu kidogo: mtu akimdanganya hakukasirika, lakini watu kumi wakimwambia neno moja kwa sauti moja, alikosa usingizi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Abdala, mwindaji, alifariki kwa homa. Akazikwa, watu wakakaa matanga, siku ya tatu ikasomwa hitima. Baada ya hitima gobore lake halikuonekana tena. Wiki haijaisha, Likwata, ndugu wa tumbo moja na mjane, akapigwa risasi njiani akielekea shambani, na mganga wa zahanati akamtoa mwilini vipande vya nondo, vile vile ambavyo Mzee Abdala alizoea kushindilia kwenye gobore lake. Mgeni pekee aliyelala kijijini siku hizo alikuwa Klementi, mpaka rangi wa Nyangamara, aliyekuja kuandika kibao cha duka la Bwana Fakihi. Na Bwana Fakihi huyo huyo ndiye aliyeliona daftari kwenye mzigo wa mgeni wake, akalipeleka polisi kwa mikono miwili, ukurasa wa gobore umekunjwa ncha.

"Sasa Afande, tunatafuta nini tena?" aliuliza Ambrosi. "Kalichora gobore, gobore likaibwa. Mtu achore kitu cha wenzake kwa nini kama hakitamani?"

"Kachora na kuku. Kuku kaibwa?"

Sajini alimwonyesha mlango.

"Mlete."

Klementi aliletwa akiwa na pingu, madoa ya rangi ya kijani yamemkaukia kwenye vidole. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, wa aina ile ambayo ukimwuliza jambo hutazama kwanza mikono yako. Alisalimia, "Shikamoo, Afande," akaitikiwa, akakaa sakafuni.

"Klementi, nani alikuonyesha gobore hili?"

"Mzee mwenyewe, Afande. Alikuwa bado hai. Alikuwa amelala ukumbini, nikaenda kumjulia hali, nikaona ule ugwe wa kutundikia. Umesukwa kwa ngozi ya nyati, mikato minne. Sijawahi kuona msuko ule. Nikamwomba niuchore."

"Ugwe?"

"Ugwe, Afande. Gobore limetokea tu kwa sababu liko kwenye ugwe."

Ambrosi alicheka kwa pua. Sajini alimtazama mpaka cheko likaisha.

"Hili daftari unalichoraje? Unafungua popote?"

"Hapana. Karatasi ni ghali. Nikimaliza ukurasa naingia unaofuata, sirudi nyuma wala siruki. Ukitaka kujua safari yangu ilivyokwenda, ufunue tu."

"Na msibani ulichora?"

Klementi aliinamisha kichwa. "Nilichora, Mungu anisamehe. Nilikaa uani chini ya ukingo wa banda, mbali na wasomaji. Sikuchora maiti, sikuchora wanaolia. Nilichora vitu vinavyopita."

"Uliona mtu akichukua gobore?"

"Sikuona."

"Una hakika?"

"Ningekuwa nimeliona, Afande, ningekuwa nimelichora."

Jibu hilo lilimkaa Sajini rohoni. Akayafunua tena matanga yote, ukurasa kwa ukurasa, huku Ambrosi akihema kama mtu aliyesubirishwa chakula. Sufuria tatu juu ya mafiga. Msichana anawasili na mkeka alioazima kwa jirani, ameubeba begani. Viatu vya wanaume mlangoni. Dele la kahawa, na nyuma yake Bwana Fakihi, kofia yake ya darizi kichwani, anamimina kikombe. Kisha ukurasa ambao kila aliyeuona aliutabasamia: mtu amevaa kaniki ya kike, kajipaka unga kichwa kizima mpaka shingoni, mgongo kampa mchoraji, anatoka uani na mkeka begani, na wanawake mlangoni wanamcheka. Ni mtani. Hakuna msiba usio na mtani, na hakuna mtani asiyeondoka na kitu cha marehemu. Sajini naye alikuwa ameshaupita ukurasa huo mara mbili kwa tabasamu.

Mara hii hakuupita. Alirudi kwa yule msichana, akaja tena kwa mtani. Akarudi. Akaja.

"Klementi, njoo hapa. Huu mkeka wa huyu msichana ni wa nini?"

"Ukindu, Afande. Wa kulalia."

"Na huu wa mtani?"

"Ukindu. Wa kulalia vile vile."

"Mbona wa msichana umelegea mbele na nyuma, na wa mtani umenyooka kama mlingoti? Ulikosea kuchora?"

Hapo kijana alibadilika. Pingu mikononi, kitanzi kinamngoja, na bado alikasirika! "Sikukosea."

"Mtu hukosea."

"Mimi hukosea nyuso, Afande, na ndiyo maana nyuso nyingi siziweki. Vitu sikosei. Ulikuwa umenyooka hivyo hivyo. Hata mimi nilishangaa, nikadhani ni mkeka mpya."

"Ukikubali umekosea nitaandika hivyo, tumalize."

"Siwezi kukubali, kwa sababu haukulegea."

Sajini alifunga daftari. Ndani alikuwa amefurahi, lakini usoni alionekana kama mtu aliyeumwa na jino. "Ambrosi, nenda kwa jirani yeyote uazime mkeka wa kulalia. Na mchi wa kinu."

"Mchi?"

"Mchi, ndiyo! Au nikuandikie?"

Kilichofuata uani kwa mahakama kiliwafurahisha sana wapita njia. Konstebo wa Serikali, kaptula imepigwa pasi, alitembezwa huku na huku na mkeka begani kama bibi harusi anayehamia. Mkeka mtupu ulining'inia mbele na nyuma, ukapigapiga kila alipokanyaga. Wakaukunja upya. Wakaukaza kwa kamba. Ukalegea vile vile, mbele zaidi kuliko nyuma. Kisha Sajini akauviringisha mchi ndani yake, na Ambrosi akapita tena mbele ya ukuta, mkeka umenyooka tuli.

"Simama hapo," alisema Sajini. Akalinganisha na daftari. Klementi naye alichungulia kutoka mlangoni, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Afande," alisema Ambrosi, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine, "unataka kusema walimwona?"

"Wote. Walimwona, wakamcheka, wakampisha njia. Kisha tukaja mimi na wewe tukauliza, 'Mmemwona mwizi?' Wakasema hapana, na hawakusema uongo. Mtani haibi, Ambrosi. Hata akichukua kitanda cha mwenye msiba, anasubiriwa tu arudi akikomboleshe kwa kuku au senti. Sasa vaa kofia yako. Tunakwenda kumwuliza mjane ni mtani gani huyo."

Nyumba ya marehemu ilikuwa ng'ambo ya barabara, imezungukwa na mikorosho. Bi Adija alikuwa ndani ya eda, hatoki wala hatazamwi na wanaume wa nje, kwa hiyo Sajini aliwekewa kigoda barazani, mbele ya mlango wenye pazia. Kati yake na pazia alikaa Bi Mwahija, dada wa marehemu, bibi mnene mwenye sauti ya kukemea mbuzi. Yeye ndiye aliyepokea maneno na kuyapeleka, ingawa pazia lenyewe lilikuwa la kanga moja na kila mtu alisikia kila kitu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," alisema Bi Mwahija. "Umekuja kutuaga? Tumesikia lile jibwege la rangi linaondoka leo."

"Linaondoka, inshallah. Nimebakiwa na swali moja dogo. Siku ya hitima alikuja mtani."

"Alikuja."

"Alichukua mkeka."

"Mkeka wa marehemu mwenyewe, nilioufuma mimi, wenye mistari myekundu. Kaingia chumba cha nyuma kama kwake, kafunga mlango, katoka nao. Mtani bwana! Alituchekesha!" Bi Mwahija alianza kutabasamu, akakumbuka yuko wapi, akajikaza. "Na lile gobore tulilihamishia chumba hicho hicho, lisining'inie ukumbini juu ya vichwa vya wanawake."

"Amesharudi kuukombolesha mkeka?"

Pazia lilitikisika. Safari hii Bi Adija alijibu mwenyewe, kwa sauti nyembamba iliyochoka. "Hajarudi. Nimemwekea kuku mpaka amenenepa. Nimesema labda kwao ni mbali."

"Kwao ni wapi, Bi Adija?"

"Sijui mimi. Wifi yangu ndiye anajua. Ni mtani wao."

Bi Mwahija aligeuka na mwili mzima. "Wetu? Wetu tangu lini? Yule si mtani wenu, wa kisiwani Songo Songo?"

"Wifi! Kwetu Songo Songo nani aje bila kunisalimia kwa jina la baba yangu?"

"Na kwetu hapa nani nisimjue? Watani wetu sisi ni Brigita wa kule kilimani na kaka zake, na walikuja siku ya mazishi wakachimba kaburi wakala wakaondoka! Yule nilijua ni wenu. Nikasema, Wallahi, wakwe zetu wametutumia mtani hodari."

Jogoo aliparua nyuma ya nyumba. Sajini hakuharakisha.

"Bi Mwahija," alisema, "nani alikwambia ni wa upande wa kisiwani?"

"Si Fakihi huyo! Alipita uani na sinia la vikombe, nikamwuliza, 'Huyu aliyetoka ni nani?' Akaniambia, 'Mtani wa wakwe zako huyo, msimwulize sana.'"

"Bi Adija, na wewe?"

Pazia halikutikisika kabisa. "Fakihi. Aliniletea kahawa kwa mlangoni. Aliniambia, 'Mtani wa mawifi zako.'"

"Ala!" alisema Bi Mwahija, akashika kidevu. "Ala!"

Sajini alisimama. "Naomba jambo moja. Msimwambie mtu yeyote mpaka nirudi."

"Sajini," aliita Bi Adija, "mkeka huo ulikuwa na nini?"

"Nitarudi kukwambia mwenyewe kabla lori halijaondoka."

Njiani Ambrosi alikuwa karibu kukimbia. "Tumkamate, Afande! Kawadanganya wote wawili!"

"Atasema alidhani. Neno la kudhani halina pingu. Atasema, 'Kulikuwa na watu wengi, mimi nilikuwa namimina kahawa, niliona mtu kapita nikabahatisha.' Utamjibu nini?"

"Basi lile daftari linaonyesha..."

"Linaonyesha mgongo wenye kaniki na unga mpaka kisogoni. Mgongo wa nani? Wangu? Wako?" Sajini alisimama katikati ya barabara, kwenye jua la saa nane, akalifungua daftari hapo hapo. Mwenye baiskeli akapiga kengele, akamzunguka, akasonya. Sajini hakumsikia. Aliufunua ukurasa unaofuata ule wa mtani, ambao siku zote aliuruka kwa sababu haukuwa na mtu hata mmoja. Akautazama sana. Akafunua mwingine. Kisha akaanza kutabasamu, na Ambrosi, aliyefanya naye kazi miaka mingi, akajua kuwa kuna mtu leo hatalala kwake.

Duka la Bwana Fakihi lilikuwa na kibao kipya nusu: DUKA LA FAKI, kwa rangi ya kijani, na baada ya hapo ubao mtupu. Mwenyewe alikuwa ndani anapima chumvi, mtu wa makamo, mwembamba, kanzu safi, sauti ya upole ambayo watoto waliifuata. Katika kijiji kizima hapakuwa na shughuli isiyokuwa na mkono wake, iwe arusi, iwe msiba, na hilo watu walimsifia.

"Karibu, Sajini, karibu sana! Leo unatuacha? Hebu pata kahawa ya kuagana."

"Nitashukuru. Kahawa yako naisikia inasifiwa. Na ile ya hitima ya Mzee Abdala ulipika wewe?"

"Mimi. Nilisema kazi hiyo simwachii mtu. Yule mzee alikuwa kama baba yangu."

"Unaona? Watu wengine wanadai hukuonekana pale, ulikuwa unarandaranda."

"Nani huyo?" Fakihi alicheka, lakini aliweka chini kibao cha mizani. "Tangu wasomaji walipoanza mpaka walipomaliza sikuinuka mbele ya dele. Uliza yeyote. Kahawa ukiiacha inafurika."

"Kweli inafurika. Hukuinuka, umesema?"

"Hata kidogo. Vikombe nimepeleka baadaye, watu walipoanza kutawanyika."

Sajini aliweka daftari juu ya meza ya duka, kati ya magunia mawili ya korosho. "Ulipoletea polisi daftari hili, Bwana Fakihi, ulikunja ukurasa wa gobore. Uliufurahia sana, naona. Ungefunua mbele kidogo usingelileta."

Akafunua. Mtani na mkeka.

"Namkumbuka," alisema Fakihi upesi. "Mtani wa..."

"Wa nani? Malizia."

Sajini akafunua tena. Ukurasa ulikuwa na kitu kimoja tu: dele juu ya jiko la makaa, kifuniko kimeinuka, kahawa inamwagika pembeni, mvuke umetanda, majivu yameruka mpaka kwenye sinia. Nyuma ya dele palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda hapakuwa na mtu.

"Klementi hachori mvuke mara nyingi," alisema Sajini. "Kaupenda huu. Mtani anatoka na mkeka, na wakati huo huo dele linafurika, hakuna wa kuliepua."

"Nilikwenda kuleta sukari."

"Umesema hukuinuka."

"Dakika moja tu, Sajini, nimesahau, mtu haweki hesabu ya..."

"Haya, sukari. Huu hapa unaofuata, umerudi. Dele limeepuliwa, unamimina. Jitazame."

Fakihi alijitazama. Kwenye karatasi alikuwa amekaa kigodani, kanzu ile ile, kikombe mkononi, na kichwa kitupu. Nywele zilikuwa zimelala, zimeshikana, na kutoka sikioni mchoraji alikuwa ameteremsha matone matatu ya maji.

"Ukurasa wa kabla ya mtani una kofia," alisema Sajini. "Mimi ni Mkatoliki, Bwana Fakihi, lakini nimekulia baina ya Waislamu, na sijaona mwanamume kakaa kwenye hitima kichwa wazi tena kimelowa. Klementi hakujua ni ajabu, kachora tu. Unga ulikuwa mpaka kisogoni, ilibidi uuoshe. Kofia uliiacha wapi?"

"Joto. Siku ile palikuwa na joto."

"Ambrosi."

Ambrosi alikuwa ameshaingia stoo ya nyuma bila kusubiri kuitwa. Walisikia gunia likivutwa, la pili, la tatu, kikohozi cha vumbi. Fakihi alisimama akisikiliza, mkono mmoja ndani ya chumvi. Sajini hakumgusa, ila alisogea akasimama kwenye njia ya kutokea.

Ambrosi alitoka na mkeka. Ulikuwa na mistari myekundu, na ulikuwa umenyooka.

"Nilitaka kuurudisha," alisema Fakihi.

"Pamoja na kilichomo?"

Ambrosi aliulaza juu ya meza, akaukunjua. Gobore lilikuwa limefungwa kwa kaniki, ugwe wa ngozi ya nyati bado uko juu yake, na mdomo wake ulinuka baruti. Fakihi alianza kulia, kwanza taratibu, halafu kama mtu aliyefungua bomba.

Hapo ndipo maneno yalipomtoka. Kulikuwa na pembe mbili za ndovu, hazina leseni, Mzee Abdala aliua na yeye Fakihi akazifukia apate kuziuza Kilwa. Mzee alipoona anakufa alimwambia shemeji yake Likwata, na Likwata, mtu wa haki asiyejua kunyamaza, akamfuata Fakihi akamwambia, "Nakupa mpaka Ijumaa uzipeleke mwenyewe kwa Bwana Nyama, mlinzi wa wanyama wa Serikali. La sivyo nitazipeleka mimi na jina lako juu yake." Alidhani anamfadhili. Fakihi hakungoja Ijumaa ifike.

"Na mgeni wako? Kijana wa watu uliyempa kazi, ukamlisha, ukampa mkeka wa kulalia?"

Fakihi alijifuta uso kwa mkono wenye chumvi. "Yeye hana watu hapa," alisema.

Sajini Dionis alikuwa na sifa ya kutopiga watuhumiwa, na siku hiyo aliishika sifa hiyo kwa taabu kubwa. Alimtia pingu kwa mikono yake. Pingu zenyewe ilibidi Ambrosi akazichukue mikononi mwa Klementi, maana walikuwa na jozi moja tu.

Klementi alikuja nyuma ya Ambrosi, anasugua vifundo vya mikono. Alimtazama Fakihi, akatazama kibao cha duka alichokiacha nusu. "Daftari langu, Afande," aliuliza.

"Linakwenda mahakamani. Na wewe utaitwa uje useme ni la kwako."

"Lote? Na kuku?"

"Na kuku. Jaji atamwona." Sajini alivuta mkoba wake, akatoa karatasi za Serikali ambazo upande mmoja ulikuwa mtupu, akamtia mkononi. Kijana alizipokea, akatafuta penseli mfukoni, na ikamwangukia mara mbili.

Honi ya lori ilisikika kutoka upande wa Kilwa. Sajini alivuka barabara kwa hatua ndefu.

Bi Mwahija alikuwa pale pale barazani. Alipomwona uso alianza kusoma dua kimoyomoyo. Nyuma ya pazia Bi Adija hakungoja salamu.

"Ni nani?"

"Fakihi mwenyewe, Bi Adija. Hakukuwa na mtani yeyote. Alijipaka unga, akavaa kaniki, akaingia chumba cha nyuma. Ndani ya mkeka lilikuwamo gobore la mumeo. Ndilo lililomuua Likwata. Amekiri."

"La ilaha illallah!" alilia Bi Mwahija. Akaanza kupiga paja, akamlaani Fakihi na kizazi chake, akamlaani na yule aliyemuuzia kanzu. Bibi alipochoka, ndipo sauti ilipotoka nyuma ya pazia, na ilikuwa imara kuliko ya mchana.

"Nilicheka, Sajini."

"Bi Adija..."

"Ngoja nikwambie. Siku zile tatu sikuwa nimekula, sikuwa nimesema na mtu. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akabana sauti ya kike, akasema mume wangu kamtuma mkeka, eti huko aliko ardhi ina baridi na mke hayupo. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ndugu yangu Likwata alikuwa amesimama dirishani, akafurahi kuniona nacheka, akamwambia, 'Ahsante mtani, umemfufua dada yangu.' Na mimi nikamwambia chukua. Mimi, kwa mdomo wangu. Chukua, mtani."

"Hukujua."

"Sijasema nilijua. Nasema nilicheka."

Lori lilisimama mbele ya mahakama, injini inanguruma. Utingo aliteremka kufungua ubao wa nyuma, na watu walikuwa wameanza kukimbilia huko, maana habari ilikuwa imeshavuja.

"Kesi itasikilizwa lini?" aliuliza Bi Adija.

"Jaji huja Lindi mwezi ujao."

"Eda yangu itakuwa haijaisha."

"Si lazima uje. Karani atakuja hapa, wifi yako akiwepo, utasema, ataandika, nami nitasimama niyasome mahakamani."

"Usiyaandike. Maneno haya hayasomwi na mtu mwingine." Pazia lilisogea kidogo, na vidole vya mjane vikaonekana vimeishika ncha ya kanga kwa nguvu. "Nikitoka eda nitapanda lori hilo mwenyewe. Nitasimama mbele ya Fakihi, hana unga wala kaniki, nimweleze nilivyocheka, na yeye anitazame. Asihukumiwe kabla ya hapo."

"Adija!" alisema Bi Mwahija. "Jaji wa Kizungu akungoje wewe?"

Honi ililia mara ya pili. Sajini aliivaa kofia yake.

"Nitamwomba angoje, Bi Adija."

"Usimwombe," alisema mjane. "Mwambie nakuja."